Maswali na Majibu: Roki ya China na Sauti ya Kwao

Katika toleo lililopita tulieleza kwa aya moja tu kwamba mwezi Aprili 2022, miji kadhaa ya China ikiwa imefungwa kwa sababu ya Uviko-19, mwanamuziki Cui Jian alifanya onyesho la mtandaoni lililotazamwa na watu zaidi ya milioni 40. Aya hiyo imetuletea barua nyingi, na karibu zote zina mshangao uleule: kumbe China ina roki, kumbe roki hiyo ina wazee wake, na kumbe vijana wa leo wanaifuata kwa wingi. Nimeteua barua sita. Nitazijibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja, kwa hiyo wengine watapata majibu marefu na wengine mafupi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa muziki hapa Dodoma. Enzi zetu tulipokea kutoka Peking majarida na santuri za kwaya kubwa, nyimbo za kusifu viwanda na mashamba. Nashindwa kuiunganisha China ile na vijana wanaotikisa vichwa mbele ya magitaa ya umeme. Jambo hili lilianzia wapi?

Mwalimu, shikamoo. Kumbukumbu yako ni sahihi kabisa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, muziki uliosikika hadharani nchini China ulikuwa muziki wa umati: waimbaji ni wengi, na wanachokisema ni “sisi”. Mageuzi ya uchumi yalipoanza mwaka 1978, kitu cha kwanza kupenya hakikuwa roki bali nyimbo laini za mapenzi kutoka Taiwan na Hong Kong, hasa za mwimbaji Deng Lijun, ambazo watu walizinakili majumbani kaseti kwa kaseti. Baadaye zikaja kanda walizoleta wanafunzi wa kigeni na wafanyakazi wa balozi jijini Beijing, na humo ndimo vijana wachache waliposikia kwa mara ya kwanza Beatles na Rolling Stones. Aprili 1985, kundi la Wham! la Uingereza lilipiga katika Ukumbi wa Michezo wa Wafanyakazi, Beijing, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walibaki vitini, kwa sababu hawakujua kama kusimama na kucheza kunaruhusiwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Mei 1986, katika ukumbi uleule, zaidi ya waimbaji mia moja walikusanywa kwa onyesho la kuadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Amani. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 24, Cui Jian, mtoto wa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi, naye mwenyewe mpiga tarumbeta katika okestra ya Beijing tangu 1981. Alipanda jukwaani na gitaa, amevaa koti kuukuu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa juu kuliko mwingine, akaimba wimbo uitwao *Yi wu suo you*, yaani “Sina Kitu”. Ni maneno ya mwanamume anayemsihi mwanamke aondoke naye, na mwanamke anamcheka kila anapomwomba kwa kuwa hana kitu. Mtu aliyezoea nyimbo za siku hizo alisikia mara moja jambo geni: huyu anasema “mimi”, na anasema hana.

Hata hivyo, Mwalimu, wewe ni mtu wa muziki, na ningependa uusikilize wimbo huo kwa sikio la kazi yako. Lahani yake imetoka katika nyimbo za wakulima wa kaskazini-magharibi, kwenye vilima vikavu vya udongo wa manjano vya Shaanxi. Na katika wimbo uliorekodiwa, mahali ambapo bendi ya Kizungu ingeweka solo ya gitaa, inaingia suona, ikipulizwa na Liu Yuan. Suona ni zumari inayopulizwa kwa matete mawili membamba, yenye ncha ya shaba iliyopanuka, na ni ndugu wa karibu wa nzumari ya Lamu na Mombasa. Hata kazi yake vijijini ni ya namna ileile, maana hupigwa kwenye harusi, na kwa Wachina hupigwa pia kwenye maziko. Mwanakijiji yeyote wa China aliyeisikia sauti ile katikati ya ngoma na gitaa la besi alijua kwamba muziki huu unamhusu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo roki ilipokuwa ya Kichina. Kabla ya hapo kulikuwa na vijana wenye vipaji waliokuwa wakiiga.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana. Bendi iliyokuwa na Cui Jian miaka hiyo iliitwa ADO, na ndani yake walikuwamo wageni wawili waliofanya kazi kwenye balozi za nchi zao: mpiga besi kutoka Hungaria, na mpiga gitaa Eddie Randriamampionona kutoka Madagaska. Albamu ya kwanza kubwa ya roki ya China, iliyotoka mwaka 1989 kwa jina linalotaja “Safari Mpya ya Masafa Marefu”, ina mkono wa mtu wa kisiwa kilicho jirani na pwani yetu. Ukiyasikiliza magitaa yake yanavyokatiza na kuitikiana, utaelewa kwa nini wengine husema wanasikia humo mwendo wa muziki wa Afrika.

Yaliyofuata yana uchungu. Mei 1989 Cui Jian aliwaimbia wanafunzi waliogoma kula katika uwanja wa Tiananmen, na mapema Juni jeshi likauondoa umati kwa risasi. Mwaka 1990 aliruhusiwa kuzunguka miji mbalimbali kuchangisha fedha za Michezo ya Asia ya Beijing, lakini ziara ikakatizwa njiani, baada ya yeye kuimba jukwaani akiwa amejifunga macho kitambaa chekundu. Kumbi kubwa za Beijing zilifungwa kwake kwa miaka mingi, na aliporudi, katika Ukumbi wa Michezo wa Mji Mkuu, ilikuwa Septemba 2005.

Waliomfuata walitanua njia. Hei Bao, yaani Chui Mweusi, na Tang Chao, kundi lililojiita kwa jina la utawala wa kale wa Tang, walitoa albamu zao mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuwapa vijana magitaa mazito na nywele ndefu. Lakini kama ningeombwa nichague usiku mmoja wa miaka hiyo, ningeuchagua ule wa tarehe 17 Desemba 1994, pale Dou Wei, Zhang Chu, He Yong na Tang Chao walipokwenda kupiga Hong Kong, mji ambao watu wake walizoea kudhani kwamba China bara haina muziki wa kuwafunza. He Yong alitoka na fulana ya mistari ya baharia na skafu nyekundu ya watoto wa shule. Alipofika kwenye wimbo unaohusu mtaa wake wa zamani, karibu na minara ya ngoma na kengele ya Beijing, aliwatambulisha wapigaji wake, na mmoja wao alikuwa mzee aliyeketi na sanxian, ala ndefu ya nyuzi tatu. Akasema huyu ni He Yusheng, baba yangu. Baba na mwana wakapiga pamoja, ala ya vibanda vya chai pamoja na gitaa la umeme, na ukumbi wa Hong Kong ukashangilia.

Mimi ni fundi redio, Kariakoo. Swali langu ni fupi: kabla ya intaneti, na nchi ikiwa imefungwa namna ile, vijana wa China walizipata wapi kanda za roki za nje?

Fundi, jibu lake litakufurahisha, kwa kuwa ni la kiufundi. Zilikuja kama takataka.

Kampuni za muziki za Marekani na Ulaya zilikuwa na mabaki mengi ya kaseti na CD yasiyouzika. Badala ya kuyauza rahisi na kuharibu bei ya bidhaa mpya, yaliuzwa kama plastiki ya kuyeyushwa, na ili yasirudi madukani yalikatwa kwa msumeno au kutobolewa pembeni. Makontena yaliingia China kupitia bandari za Guangdong. Wajanja wa huko wakagundua kwamba mzigo haukufa. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mkato wa pembeni huharibu nyimbo za mwisho tu, nazo nyingine zote hupiga sawasawa. Kaseti nayo ilifunguliwa, utepe uliokatika ukaunganishwa kwa gundi ya karatasi, na kazi ikaendelea. Bidhaa hizi ziliitwa *dakou*, zenye mkato, na kuanzia mapema miaka ya 1990 ziliuzwa kwenye vichochoro na milango ya vyuo katika kila mji mkubwa.

Fikiria maana yake kwa msikilizaji. Hakuna redio inayokuongoza, hakuna tangazo, hakuna mpangilio wa nani alitangulia na nani alifuata. Ndani ya boksi moja unapata panki ya London ya 1977, metali ya Brazil na jazi ya New York, vyote kwa bei ileile, na unachagua kwa picha ya jalada. Kizazi cha wanamuziki waliokua hivyo kilijifunza roki yote kwa mkupuo. Ndiyo sababu bendi za Beijing, Nanjing na Wuhan za mwishoni mwa miaka hiyo zilitofautiana sana, ingawa wote walinunua kwa wachuuzi wa aina moja. Baadhi ya wachuuzi wenyewe baadaye wakawa wanamuziki, na mfano mmojawapo utakuta katika jibu la barua ya tano.

Mjomba wangu wa Mombasa anashikilia kwamba kuna wimbo wa roki wa Kichina wenye maneno ya Kiswahili, na kwamba aliusikia kwa baharia. Nyumbani tunamcheka. Je, ni kweli?

Acheni kumcheka mjomba, kwa sababu ni kweli tupu. Wimbo unaitwa *Amani*, na ni wa mwaka 1991. Waliouimba ni Beyond, bendi ya Hong Kong iliyoanzishwa 1983 na Wong Ka Kui na wenzake, ambayo kwa maoni ya wengi ndiyo iliyopendwa kuliko bendi zote za roki zilizoimba kwa lugha ya Kikantoni. Mwaka huohuo wa 1991 walizuru Kenya katika safari ya shughuli za misaada, wakaona maisha ya watoto katika maeneo yenye dhiki, na waliporudi Wong Ka Kui akautunga wimbo huo. Beti ni za Kikantoni, zikizungumzia vita na watoto wasio na hatia. Kiitikio ni cha Kiswahili, na humo neno “amani” linaambatana na “nakupenda” na “tunataka”.

Haikuwa mara yao ya kwanza kulielekea bara letu. Mwaka 1990, Nelson Mandela alipotoka gerezani, Beyond walitoa wimbo wa kumuenzi, uitwao kwa Kichina *Guanghui suiyue*, na hadi leo ukumbi mzima huuimba bila kutazama maandishi. Inanigusa sana kwamba watu wengi wa Hong Kong na wa China bara walilisikia kwa mara ya kwanza neno letu “amani” kutoka kwa bendi ya roki.

Wong Ka Kui alifariki Tokyo tarehe 30 Juni 1993, akiwa na umri wa miaka 31, siku chache baada ya kuanguka kutoka jukwaani wakati wa kurekodi kipindi cha televisheni. Nyimbo zake zilivuka mpaka na kuenea China bara, hata kwa watu wasioelewa Kikantoni, na wapiga gitaa wa mitaani kutoka Guangzhou hadi Harbin wanazijua kwa moyo.

Ninaandika kutoka Lubumbashi. Huku tunaambiwa kwamba serikali ya China imepiga marufuku muziki wa roki. Wengine wanasema serikali hiyohiyo inaugharimia. Tumwamini nani?

Ndugu yangu, kila upande umeshika kipande cha ukweli. Roki kama aina ya muziki haikupigwa marufuku. Kinachodhibitiwa ni tukio moja moja na neno moja moja. Onyesho la hadhara linahitaji kibali cha idara ya utamaduni ya mahali husika, na orodha ya nyimbo pamoja na maneno yake hupelekwa mapema ili yakaguliwe. Msomaji wa Tanzania anayejua taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ataona kwamba wazo lenyewe si geni, ila kule mkono ni mzito zaidi na sababu za kukataliwa hazielezwi mara zote.

Rolling Stones walipopiga Shanghai Aprili 2006 waliziacha nyimbo kadhaa zisizokubaliwa. Usiku huo, kwa heshima iliyostahili, walimwalika Cui Jian aimbe nao. Machi 2008, mwimbaji wa Iceland, Björk, alipaza sauti akilitaja jina la Tibet mwishoni mwa wimbo mjini Shanghai, na baada ya hapo masharti kwa wasanii wa nje yakakazwa. Kwa wenyeji adhabu huja kimya. Mwaka 2019, ziara ya Li Zhi, mwimbaji wa Nanjing aliyekuwa akijaza kumbi, ilifutwa, na muda mfupi baadaye nyimbo zake zikatoweka kwenye programu zote kubwa za muziki nchini. Mtu aliyekuwa na nyimbo zake kwenye simu jioni aliamka asubuhi hana kitu cha kubonyeza.

Sasa tazama upande wa pili. Katika mkoa wa Hebei uko mji wa viwanda uitwao Shijiazhuang, uliokua kwa reli, nguo na dawa. Ndiko yalikochapishwa majarida mawili ya muziki yaliyosomwa na wapenzi wa roki nchi nzima, na ndiko ilikotoka bendi ya Wanneng Qingnian Lüdian, ambayo albamu yake ya 2010 ina wimbo mashuhuri kuhusu mfanyakazi wa kiwanda cha dawa cha mji huo. Jioni anavua sare ya kazi, anakunywa bia zake, anaishi hivyo miaka nenda miaka rudi, hadi siku yote yaliyoonekana imara yanapomporomokea. Hakuna mtu aliyepitia kufungwa kwa viwanda vya umma katika miaka ya 1990 asiyeuelewa. Mwaka 2023 serikali ya mji ikatangaza kwamba Shijiazhuang ni mji wa roki, na majira yote ya joto bendi zikapiga bustanini, kwenye maduka makubwa na kwenye vituo vya treni, bure. Mwaka huohuo maneno mapya ya kuusifu mji yakawekwa juu ya lahani ya wimbo ule wa mfanyakazi. Mashabiki walilalamika sana mtandaoni, na mimi nawaunga mkono. Kuwapa vijana jukwaa la bure ni jambo jema, na mji uliofanya hivyo unastahili shukrani. Lakini wimbo wa huzuni ya mtu aliyepoteza kazi ni mali ya huzuni hiyo, na kuugeuza tangazo la utalii ni kumnyang'anya tena yule aliyekwisha kunyang'anywa.

Kwa hiyo, ukiulizwa, sema kwamba roki ya China inapata majukwaa mengi zaidi huku nafasi ya maneno ikibanwa, na kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mimi ni mwanafunzi wa Kichina hapa Dar es Salaam. Mwalimu wetu anasema roki imevuma kwao kwa sababu ya kipindi cha televisheni. Rafiki yangu wa Chengdu, tunayeandikiana, anasema kipindi hichohicho kimeiharibu. Wewe unaonaje?

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya nitenge kurasa hizi. Kipindi wanachokitaja ni *Yuedui de Xiatian*, maana yake Majira ya Joto ya Bendi, kilichorushwa kwa mara ya kwanza na jukwaa la video la iQiyi mwaka 2019. Bendi 31 zilishindana, na mshindi akawa Xin Kuzi, kundi la Beijing lililokuwapo tangu 1996. Mwaka 2020 kikaja tena, na nafasi ya kwanza ikachukuliwa na bendi inayojulikana nje kama Re-TROS.

Lakini kipindi hakikuanza shambani pasipolimwa. Shule ya Muziki ya Midi ilifunguliwa Beijing mwaka 1993 na kuanza kufundisha gitaa la roki kama somo, jambo ambalo vyuo vya serikali havikulifikiria. Mwaka 2000 wanafunzi wake wakapiga katika ukumbi wa shule, na hilo ndilo tamasha la Midi lililokuja kukusanya umati mkubwa viwanjani. Kampuni ya Modern Sky ilianzishwa 1997 na Shen Lihui, naye ni mwanamuziki, na mwaka 2009 ikaanzisha tamasha la Strawberry, ambalo leo huzunguka miji mingi. Kati ya hapo kulikuwa na baa ndogo zenye jukwaa la mbao na vipaza sauti vibovu, kama D-22 karibu na vyuo vikuu vya Beijing, iliyodumu kuanzia 2006 hadi mapema 2012, na VOX ya Wuhan, mji ambao panki yake, ikiongozwa na SMZB tangu 1996, ni ya hasira kuliko ya mji mwingine wowote. Wengi wa waliopanda jukwaa la televisheni 2019 walikuwa na miaka 15 au 20 ya kazi, wakiishi kwa ajira nyingine za mchana.

Na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na rafiki yako. Mambo mawili yaliyotokea katika kipindi hicho yasingetokea mahali pengine mbele ya macho ya mamilioni. La kwanza, mwaka 2019 ilitokea bendi ya Jiulian Zhenren, watu wa Lianping, mji mdogo wa milimani Guangdong, ambao waanzilishi wake wawili walikuwa walimu wa shule. Wakaimba kwa Kihakka, lugha ambayo wengi ukumbini hawakuielewa hata neno, wakiwa na tarumbeta inayolia kama ya bendi ya mazishi, kuhusu kijana anayetaka kuondoka kijijini akawe mtu na wazazi wanaombishia. Ukumbi ulinyamaza, kisha ukalipuka. La pili, mwaka 2020 walikuja Wutiaoren, kina Renke na Maotao, wenyeji wa Haifeng, mji wa pwani. Hawa ndio wachuuzi niliomuahidi fundi: kabla ya umaarufu walikuwa wakiuza CD zenye mkato na vitabu barabarani Guangzhou. Katika duru yao ya kwanza walibadilisha wimbo dakika za mwisho, wakaacha waliouandaa na kuimba wa lahaja ya kwao, wakaitupa kazi yote ya watu wa taa na maandishi. Wakatolewa. Watazamaji wakapiga kura, wakarudishwa. Wakatolewa tena, wakarudishwa tena, hadi wakamaliza nafasi ya pili.

Shule za China zinafundisha kwa Kichina sanifu, na mtoto anayeongea lahaja ya nyanya yake darasani husahihishwa. Kijana wa mji mdogo anapokwenda Shenzhen kufanya kazi kiwandani anaificha lafudhi yake. Kisha anawaona watu wazima, wenye ndala miguuni na nywele zisizochanwa, wakiimba lafudhi ileile kwenye jukwaa kubwa kuliko yote, na nchi inawadai warudi. Sishangai hata kidogo kwamba roki imevuma.

Rafiki yako hakukosea katika mengine. Tiketi zimepanda bei, na yule mwanafunzi aliyezoea kuingia kwa nauli ya wiki sasa anabaki nje. Matamasha mengi ya siku hizi yanaalika majina yaleyale yaliyoonekana kwenye kipindi, hivyo bendi mpya ya Lanzhou au Guiyang inakuta mlango umezibwa na wale waliofunguliwa juzi. Tena televisheni inapenda vichekesho na machozi, na wanamuziki wanaojua kuongea mbele ya kamera hupata zaidi ya wanaojua kupiga. Haya yananisumbua. Ila ukiniuliza kama ningetaka Jiulian Zhenren wabaki wakiwapigia majirani zao tu ili roki ibaki safi, nitakuambia hapana, na nadhani wao wenyewe wangekwambia vivyo hivyo.

Jambo moja mwambie mwalimu wako: roki bado si muziki mkuu wa China. Nyimbo laini za pop, na siku hizi rap, zinasikilizwa na watu wengi zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kawaida sasa anaweza kutaja bendi tatu bila kufikiri, na mzazi akisikia mtoto anajifunza ngoma haoni tena kuwa mtoto amepotea.

Nina simu na vifurushi vya intaneti, sina Kichina. Nianze na nini? — Msomaji, Kigoma

Anza na albamu ya Cui Jian ya 1989, kisha tafuta video ya onyesho la Hong Kong la 1994 uitazame nzima bila kurukaruka, hasa pale wanapopiga He Yong na baba yake. Baada ya hapo sikiliza Ershou Meigui, kundi lililoanzishwa mwaka 2000, ambalo mwimbaji wake Liang Long huvaa nguo za kike na kuimba kwa mtindo wa ngonjera za majibizano za kaskazini-mashariki. Ukitaka nyika za Mongolia ya Ndani, wapo Hanggai, wenye fidla ya nyuzi mbili iliyochongwa kichwa cha farasi na uimbaji wa kooni unaotoa sauti mbili kwa pamoja kutoka kwa mtu mmoja. Wanneng Qingnian Lüdian waweke kwa usiku wenye utulivu, kwa sababu nyimbo zao ni ndefu na tarumbeta yao huchelewa kuingia. Majina yote yaandike kwa herufi kama yalivyochapishwa hapa, nawe utayapata.